Grisi ya Mwisho ya Hamisi

Jumatatu, 4 Mei 1992

Hamisi,

Nimeosha gololi kumi na nane. Mafuta ya taa, ile gilasi ya chai yenye ufa, kitambaa cha flana. Tisa za kushoto, tisa za kulia, zisichanganyike. Kama nilivyofanya miaka kumi na minne ulipokuwa ukiniletea habu, vitovu vya magurudumu ya baiskeli, nyumbani ndani ya kopo la maziwa. Tofauti ni kwamba leo nimeziosha kwenye benchi lako, barazani, watu wakipita na kunitazama.

Eda imekwisha Alhamisi. Miezi minne na siku kumi sikutoka nje ya ua. Yusufu, uliyemfundisha kazi, ndiye aliyeshika benchi. Amelishika vizuri. Sanduku ni safi, spana zimepangwa, ila si kwa mpango wako. Ile nyembamba ya kukazia koni, nati zinazobana gololi, ulikuwa ukiiweka chini, kulia, karibu na mguu. Yeye anaitundika msumarini.

Nimeirudisha chini.

Alasiri nikaikuta msumarini.

Jumanne, 5 Mei

Wateja wanauliza, "Yusufu iko wapi?" Nami nimekaa hapo hapo na grisi hadi kwenye viwiko. Mmoja wa wale wanaopandisha mkaa kwa baiskeli alisubiri saa nzima, Yusufu alipokwenda kuswali, ili tu asinipe mimi gurudumu lake. Hakuwa na ubaya. Aliniamkia vizuri, akanipa pole, akakaa na gurudumu mapajani.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Namwonea wivu mtu aliyebeba jeneza lako.

Leo alimwambia mteja, "Fundi alikuwa anasema, habu haiuawi na mzigo, inauawa na vumbi." Akacheka kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo lake mwenyewe. Mimi sijawahi kuyasikia maneno hayo. Miaka kumi na minne tumekula sahani moja.

Ijumaa, 8 Mei

Amekuja Esperansi. Yule karani wa Kacyiru aliyekulia Bujumbura, anayevaa suruali na kupanda baiskeli watu wakigeuka. Baiskeli yake unaijua: ile ya milimani, nyekundu, tairi pana zenye meno, aliyoachiwa na bosi wake mzungu. Aliipandisha barazani mwenyewe, akanishika mikono yote miwili.

"Ihangane, pole, dada. Nilisikia nikachelewa." Kisha akainua nyuma ya baiskeli na kulizungusha gurudumu. "Sikia. Iko nalia. Fundi Hamisi ndiye aliifunga mwisho, mwezi wa kumi na mbili."

Nilijua papo hapo. Mwezi wa kumi na mbili, wiki ile ya mwisho uliyokwenda kazini. Baada ya hiyo hukufunga nyingine.

Nguo zako ziligawiwa siku ya arobaini. Kofia kachukua kaka yako. Mswaki niliutupa mimi. Shuka nimeifua mara nyingi mno. Sina kitu kilichobaki chenye mkono wako. Ndani ya habu hiyo kuna grisi uliyoipaka kwa kidole chako, kile chenye nusu ya kucha.

Yusufu alinyoosha mkono achukue gurudumu. Nikamwambia, "Niachie. Hii ni yangu."

"Sawa, shemeji." Akaniona nimeinamisha sikio. "Lakini usiisikilize sana kama redio. Haitakupa habari."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Sikupenda.

Jumamosi, 9 Mei

Tandiko la baiskeli ile limeshonwa kwa uzi wa kijani.

Uzi wangu wa kijani. Ule niliokuwa nashonea gauni la yule bibi harusi wa Kicukiro, uliopotea mwezi wa kumi na moja, kibonge kizima. Nilikuuliza, ukasema hujui. Nikakwambia hata panya wa nyumba hii hawali uzi. Tuliudhikiana siku mbili. Hizo ndizo siku mbili za mwisho tulizoudhikiana, na bado nazihesabu.

Kumbe ulikaa hapa ukamshonea tandiko. Mishono ni midogo, ya taratibu, ya mtu asiye na haraka. Mimi mkoba wangu ulikatika mkanda mwaka mzima.

Jumatatu, 11 Mei

Nimelijaribu gurudumu. Ukilishika juu na kulisukuma pembeni, linacheza. Ukilizungusha na kuweka kidole kwenye fremu, unasikia mchanga. Kazi yake naijua: fungua, osha, kagua, grisi mpya, funga.

Naijua pia hatari yake. Ulinieleza jikoni kwa kijiko na kikombe. Habu ya namna hii friwili yake, ile ya mnyororo, ni nene, ina meno ya gia sita, basi gololi za kulia zimesukumwa mbali ndani, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki nje peke yake bila wa kukishika. Ulikamata kijiko mwishoni kabisa, ukakibonyeza kikapinda. "Ndivyo zinavyokufa," ulisema. Kijiko hicho bado kimepinda. Nakitumia kwa chumvi.

Nikashika spana. Sikuweza. Kufungua ni kuosha, na kuosha ni kukumwaga wewe mtaroni pamoja na mafuta ya taa.

Nikaikaza koni kutoka nje. Robo mzunguko. Ikapungua kucheza. Robo tena. Ikaacha kabisa. Mlio ukaisha.

Kufunga koni hukunifundisha. Kuosha ndiyo, kuhesabu ndiyo, kupaka ndiyo. Kufunga ulisema ni kwa mwenye mkono wake. Yusufu ulimfundisha.

Aliniuliza, "Umeifungua, shemeji?"

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 13 Mei

Esperansi kaichukua. Kazunguka uwanja mara moja, akarudi anacheka. "Kimya kabisa. Kama fundi mwenyewe."

Nilifurahi kwa maneno hayo mpaka alipokata kona. Kisha nikafikiri: anaondoka amekalia uzi wangu, na grisi yako iko chini yake, inazunguka naye mjini kote, Kacyiru, Kicukiro. Mimi nimebaki na benchi.

Jumatano, 20 Mei

Mvua, labda ya mwisho msimu huu. Wateja wawili. Wote wa Yusufu.

Analizungusha gurudumu kama wewe. Hata kichwa anakiinamisha upande ule ule. Nikitazama kwa pembe ya jicho nashtuka. Namchukia kwa dakika moja hivi, halafu ananiletea chai.

Alhamisi, 28 Mei

Esperansi ameanguka.

Kwenye mteremko kutoka Kacyiru, akitoka kazini. Ekseli ya nyuma imekatika, gurudumu likalala upande, likagota kwenye fremu. Mkono wa kushoto umevunjika, shavu limechubuka. Mwanamume mmoja aliyemwokota ndiye aliyeleta baiskeli, ameibeba begani, akaiweka miguuni kwangu.

Watu walijikusanya barazani. Mmoja akasema, "Hii si ile aliifunga marehemu?" Mwingine, "Hata Hamisi alikosea." Akatikisa kichwa kwa huruma, kama unavyomhurumia mtu aliyegundulika.

Nilikuwa nimekaa. Niliwaacha wakuseme.

Yusufu alichuchumaa. Akalishika gurudumu kwa vidole viwili, akajaribu kulizungusha. Liligoma. Hata kabla halijavunjika lilikuwa linakwenda kwa shida, koni imebana mno, gololi zimesagika, mpaka ekseli ikachoka. Alitazama alama mpya za spana. Akanitazama. Anajua. Akalifunika gurudumu kwa gunia, akawaambia watu waende wakafanye kazi zao.

Alinifichia. Hilo nalo limeniuma.

Ijumaa, 29 Mei

Mtu wa mkaa kapeleka baiskeli yake kwa fundi wa barabara ya chini. Kamwambia aangalie habu, "kwa kuwa ilifungwa na marehemu." Nimeyasikia haya sokoni, kwa mwanamke anayeniuzia dengu, naye hakujua ananiambia nini.

Nilitaka kukuhifadhi ndani ya chuma kile. Sasa jina lako linatembea mjini limekatika ekseli.

Nina aibu. Ugali sikuumaliza.

Jumamosi, 30 Mei

Nimekwenda Kicukiro kwa miguu, na ndizi mbivu kwenye kikapu. Esperansi alikuwa kwenye ngazi za nyumba, mkono umefungwa plasta hadi kiwiko. Nilikataa kukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama: habu sikuifungua. Niliikaza tu. Hamisi hana kosa.

Alikipokea kikapu. Akauliza, "Sasa kwa nini hukuifungua?"

Nikamweleza ya grisi. Yote, mpaka ya kidole chenye nusu ya kucha. Sijawahi kumwambia mtu mwingine.

"Ungesema, dada. Ningekuachia gurudumu lote, ninunue lingine." Akautazama mkono wake. "Tazama sasa. Nimevunjika kwa ajili ya bwana, na hata hakuwa bwana yangu."

Sikujua kama nicheke. Alicheka yeye kwanza, akashika shavu kwa maumivu.

Basi nikauliza la tandiko. Nilikuwa nimeazimia nisiulize. Akasema ulilishona siku moja akikusubiri, ukamwambia uzi huo hautakatika kwa sababu ni wa mke wako, na vitu vya mke wako havikatiki. "Kila siku mke wangu, mke wangu. Nilikuwa nachoka."

Sijui kama nimeamini. Nadhani nimeamini nusu. Nilipoondoka aliniita nirudi kuchukua kikapu.

Jumatatu, 1 Juni

Nimesema barazani. Nilisubiri mpaka watu wawe wengi, mtu wa mkaa akiwemo, nikasimama kando ya benchi na gurudumu mkononi. "Koni hii niliikaza mimi bila kuifungua. Fundi Hamisi hahusiki. Anayetaka kumsema mtu, aniseme mimi, Mwajuma."

Mtu wa mkaa akatazama viatu vyake. Mzee mmoja akasema, "Basi, mama, tumesikia," na watu wakaanza tena kuongea habari za vita vya kaskazini.

Nilikaa. Kwa mara ya kwanza tangu eda nilijiona mke wako mbele za watu.

Halafu alasiri, tulipobaki wawili, Yusufu alikuja kuchuchumaa karibu yangu. Alikuwa anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Shemeji, na mimi nina langu. Hiyo habu hakuifunga fundi. Niliifunga mimi."

Nikaweka kitambaa chini, akaendelea.

"Mikono ilikuwa inamtetemeka. Tangu mwezi wa kumi. Alikuwa anakaa pale, anasema, mimi nafanya. Alinikataza nisikwambie. Alisema utaacha kazi ya Kicukiro ukae unamlinda."

Nimeandika maneno yake yote.

Jumatano, 3 Juni

Sikwenda benchi.

Hata hiyo, Hamisi. Hata hiyo ilikuwa yake.

Nilikuwa Kicukiro napima watu viuno, wewe umekaa barazani unatetemeka, na aliyeona ni Yusufu. Jioni ulikuwa ukirudi na mikono mfukoni. Nilidhani ni baridi. Nilikutengenezea tangawizi.

Namwonea wivu kwa mikono yako iliyotetemeka. Sikujua mtu anaweza kuonea wivu kitu kama hicho. Ningekubali kupoteza gauni zote za harusi za mji huu ili nikae pale miezi miwili niione.

Na grisi niliyoilinda haikuwa yako. Nimemvunja mtu mkono kwa ajili ya kidole cha Yusufu.

Alikuja mlangoni saa kumi. Nilimwambia ninashona. Alisikia cherehani imenyamaza, akaondoka.

Jumamosi, 6 Juni

Nimekwenda. Nikamwambia, "Tuifungue."

Alinipa spana nyembamba kwa mkono wake. Akashika upande mmoja, mimi upande wa pili. Friwili ilitoka kwa shida. Ekseli vipande viwili. Grisi imekuwa nyeusi, ina unga wa chuma unaometa. Gololi nne za kulia zimepasuka. Koni zimechimbika. Bakuli za ndani, ambamo gololi hukaa, zina mikwaruzo, lakini Yusufu alipitisha ukucha, akasema zitafaa. Niliosha kila kitu. Mafuta ya taa yakawa meusi, nikayamwaga mtaroni. Mkono haukusita.

Kisha nikaichukua ile koni ya kushoto niifute, nikaona kitu nyuma yake.

Uzi wa kijani.

Umezungushwa kwenye ekseli nyuma ya koni, mara nyingi, umebanana kama pete, umepakwa nta ya mshumaa. Upande wa kulia vile vile. Ni wa kuzuia vumbi. Nje ya pete hiyo kulikuwa na udongo mwekundu wa miezi sita. Ndani yake haikuingia hata chembe; mchanga niliousikia ulikuwa unga wa chuma. Umemalizwa kwa fundo langu, lile la kufungia mwisho wa mshono, ambalo ulikuwa ukinicheka kwamba ni fundo la watu wasioaminiana.

Nikamwonyesha Yusufu.

"Hiyo ni yake," akasema. "Kila kitu aliniachia, hiyo hapana. Moja ilimchukua asubuhi nzima, inaanguka anaanza upya. Nilimwambia, fundi, nipe mimi. Akaniambia, wewe Yusufu huna mke fundi wa nguo, utajua nini habari ya uzi."

"Ni hii tu?"

"Zote za mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Kumi na ngapi, sijui. Mpaka kibonge kiliisha."

Nilikwenda nyuma ya baraza nikakaa kwenye ndoo. Hakunifuata. Nashukuru hakunifuata.

Jumapili, 7 Juni

Nimekaa na pete zote mbili za uzi kwenye sahani. Nilitaka kuzihifadhi ndani ya kopo, pamoja na picha yako ya pasipoti.

Nimefikiri siku nzima. Kopo halina vumbi la kuzuia.

Jumatano, 10 Juni

Kesho Idi. Mtaa unanuka vitunguu.

Leo tumelimaliza gurudumu la Esperansi. Ekseli mpya, koni mpya, gololi kumi na nane mpya, tisa na tisa. Grisi nimepaka mimi. Nyuzi zako nimezichemsha, nikazikausha, nikazipaka nta, nikazirudisha nyuma ya koni. Moja ilianguka mara tatu. Nilianza upya.

Yusufu akanifundisha kufunga. Akaweka vidole vyake juu ya vyangu mara moja tu, akaviondoa. Unakaza mpaka kucheza kunakwisha, kisha unarudisha nyuma kidogo sana, kiasi cha unywele, kwa kuwa likiingia kwenye fremu na kukazwa litajibana lenyewe. "Iache ipumue," akasema. Nikajua ni maneno yako. Yameniuma, lakini si kama zamani.

Nilizungusha. Nikaweka kidole kwenye fremu. Hakuna mchanga. Liliendelea kuzunguka mpaka tukaanza kuongea mambo mengine.

Esperansi amekuja na plasta yake. Hawezi kupanda bado, ataisukuma kwa mkono mmoja mpaka kwake. Alinunua tandiko jipya, laini, akanipa lile la zamani. Nimelichukua. Bado linaniudhi kidogo.

Wakati wa kufunga kazi nilipanga vifaa. Ile spana nyembamba nimeitundika msumarini.

Huko uliko, Hamisi, kama kuna kukumbuka, nikumbuke.